Kutoka Tezi za Shingo hadi Mate: Historia ya Upimaji wa Miili katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Mate ni majimaji yanayopatikana kwa urahisi kuliko mengine yote ya mwili, kwa kuwa mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, wala hakuna sindano inayohitajika kuyachota. Hata hivyo, katika historia ya tiba yalikuwa miongoni mwa ya mwisho kutumainiwa. Katika nchi inayoanzia Dilolo, mpakani mwa Kongo na Angola, hadi Kolwezi na machimbo yanayoizunguka, watu wamebonyezwa shingo, wametobolewa tezi, wamechomwa sindano za mgongo, wametolewa damu na wameombwa mkojo kwa muda unaozidi karne moja, kabla wanasayansi hawajaweza kusoma protini nyingi za mate kwa mara moja kwa kutumia safu za vitambuzi vilivyotengenezwa kwa kingamwili. Mfuatano huo una sababu zake. Kila majimaji yalichaguliwa kulingana na uwezo wa chombo kilichokuwapo na haja ya aliyekishika chombo hicho, na mate yalichelewa kwa sababu dalili za ugonjwa zilizomo ndani yake ni hafifu mno, kiasi kwamba hakuna kipimo cha zamani kilichoweza kuzinasa.

Reli, shaba na vidole vya daktari, 1900–1912

Ugonjwa wa malale, unaosababishwa na vimelea viitwavyo tripanosoma na kuenezwa na mbung'o, ulikuwapo katika bonde la Kongo tangu kale, lakini mwishoni mwa karne ya 19 njia za misafara, uvunaji wa mpira kwa mabavu na uhamisho wa watu viliusambaza kwa kasi isiyopata kuonekana. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, inakadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa katika miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20. Ni huko Entebbe, mwaka 1903, ambako Aldo Castellani aliona tripanosoma katika ugiligili wa uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayewabeba. Mwaka huohuo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaalika katika Dola Huru la Kongo madaktari Joseph Dutton na John Todd wa Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool, ambao safari yao iliwafikisha Kasongo, alikofia Dutton mwezi Februari 1905 kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza.

Wawili hao waliupa utawala kipimo kisichogharimu kitu. Kwa kuwa tezi za nyuma ya shingo huvimba mapema kwa wengi walioambukizwa, waganga waliweza kuwapanga wanakijiji mstari na kuwapapasa mmoja baada ya mwingine, kisha wale wenye tezi zilizovimba wakachomwa sindano ili majimaji ya tezi yatazamwe kwa hadubini. Todd alishauri kwamba waliopatikana na ugonjwa watengwe, na nchi ambazo ugonjwa haujafika zilindwe kwa vizuizi vya njiani. Ushauri huo uliiangukia Katanga, jimbo lililokuwa na eneo hili la Lualaba, kwa wakati wa pekee: mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa ili kuchimba shaba, na Mskoti Robert Williams, aliyekuwa amepata tangu 1902 kibali cha kujenga reli kutoka bandari ya Lobito hadi mpaka wa Kongo, alikuwa na kila sababu ya kuogopa ugonjwa ambao ungemnyima vibarua.

Kwa hiyo Katanga ilichunguzwa kabla hata migodi haijashika kasi. Kati ya 1906 na 1908 Tume ya Tiba ya Katanga, aliyokuwamo mtaalamu wa wadudu Sheffield Neave, ilifuatilia mbung'o na ugonjwa, na kutoka Oktoba 1910 hadi Septemba 1912 msafara wa kisayansi ulioongozwa na Jérôme Rodhain ulifanya kazi katika eneo la Bukama na Sankisia, karibu na mto Lualaba. Wakati huo wasafiri walikwisha kuanza kudaiwa vyeti vya afya njiani, na waliogundulika kuwa wagonjwa walipelekwa katika nyumba za kuwatenga, ambamo walipewa atoksili, dawa yenye aseniki ambayo iliwapofusha wengi. Hapa hapana budi kusema wazi kwamba kipimo cha vidole kilimtumikia zaidi mwenye reli kuliko mwenye shingo: kilimpa mtawala jibu la haraka kuhusu nani azuiwe asipite, lakini kiliwaachia njia wagonjwa wengi ambao tezi zao hazikuvimba, na kiliwafunga wengine ambao tezi zao zilivimba kwa maradhi mengine.

Sindano ya mgongo, 1920–1960

Reli ya Lobito ilipounganishwa kupitia Dilolo na reli za Katanga mwaka 1931, na mji wa Kolwezi ulipoanzishwa mwaka 1937, upimaji ulikuwa umekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Vikundi vya wauguzi vilizunguka vijijini, na Union Minière, iliyoacha mtindo wa kuwachukua vibarua kwa muda mfupi na kuanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao karibu na machimbo, ilijenga zahanati na hospitali ili kulinda nguvukazi hiyo.

Katika kipindi hiki tatizo la kitabibu lilibadilika. Dawa mpya ziliweza kumponya mgonjwa ambaye vimelea vilikuwa bado katika damu, lakini yule ambaye vimelea vilikuwa vimeingia kwenye ubongo alihitaji dawa kali zaidi, na kuanzia 1949 dawa hiyo ilikuwa melasoproli, ambayo nayo ina aseniki na iliua takriban mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliotibiwa kwayo. Ilikuwa lazima basi kujua ugonjwa umefikia hatua gani, na njia iliyokuwapo ilikuwa kuchoma sindano katikati ya pingili za mgongo, kuchota ugiligili na kuhesabu chembe nyeupe. Kwa vizazi vitatu wanakijiji waliikimbia sindano hiyo, na hofu yao ilikuwa na msingi, maana maumivu yake yalikuwa ya hakika na faida yake haikuonekana mara moja. Hata hivyo, kazi ya vikundi vya uzungukaji, pamoja na ukali wake wote, ilipunguza malale hadi karibu kuyamaliza kufikia uhuru wa mwaka 1960.

Kingamwili yageuzwa mtego, 1959–1978

Wakati Kongo ikielekea uhuru, katika hospitali moja ya Bronx, New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikuwa wakitengeneza njia ya kupima insulini, ambayo ni kidogo mno kwenye damu. Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili ili kushika umbo moja maalumu la kitu kigeni, na umbo hilo linaloshikwa huitwa antijeni. Yalow na Berson walitambua kwamba uteuzi huo mkali unaweza kugeuzwa mtego: ukiwa na kingamwili inayoshika insulini pekee, pamoja na insulini iliyotiwa alama ya mnururisho, unaweza kujua kiasi cha insulini hata kama imezungukwa na maelfu ya protini nyingine. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Uswidi waliondoa mnururisho na kuweka kimeng'enya kinachobadilisha rangi, wakazaa kipimo kiitwacho ELISA. Na mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe za kinga na chembe za saratani, wakapata chembe zinazotoa kingamwili ya aina moja tu bila kukoma. Ugunduzi huo wa mwisho ndio uliofungua mlango wa safu za vitambuzi, kwa sababu huwezi kupanga mitego mia kwenye kipande kimoja cha kioo ikiwa kila mtego unashika vitu vya aina kumi.

Katika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati Kongo ilipoitwa Zaire, miaka hiyo ilikuwa ya vita. Safari za reli kutoka Dilolo kwenda Lobito zilikatika mwaka 1975 kwa vita vya Angola. Mwezi Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Kikatanga lililokuwa Angola, walivuka mpaka na kuiteka Dilolo, na mwezi Mei 1978 waliingia Kolwezi. Mwaka huohuo wa 1978, watafiti wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Magnus, Vervoort na Van Meirvenne, walichapisha kipimo cha kadi kijulikanacho kwa herufi CATT. Tone la damu huchanganywa kwenye kadi na tripanosoma waliokaushwa na kutiwa rangi ya buluu, kadi huzungushwa kwa dakika 5, na ikiwa damu ina kingamwili dhidi ya vimelea hivyo, chembe za buluu hugandamana mbele ya macho. Kwa mara ya kwanza kikundi cha wauguzi kiliweza kupima mamia ya watu kwa siku moja bila kutegemea kuvimba kwa tezi.

Shahidi mmoja hatoshi, 1990–2009

Ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ulivunjika mwaka 1990, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi kushambuliwa usiku mwezi Mei, na fedha za vikundi vya malale zikakatika. Mwezi Septemba mwaka huohuo mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ukaanguka hadi chini ya tani 40,000 mwaka 1994. Hospitali za kampuni, ambazo kwa miaka mingi zilibeba mzigo ambao serikali haikuubeba, zikadhoofika pamoja nayo. Malale yalirudi. Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliorodheshwa Afrika nzima, wengi wao wakiwa Kongo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) liliamini kwamba wasioonekana walikuwa mara kadhaa zaidi. Vikundi vilipofufuliwa, idadi ilishuka tena: chini ya 10,000 mwaka 2009, na chini ya 1,000 kuanzia 2018.

Mafanikio hayo yalizaa ugumu ambao haukutazamiwa na wengi, na ugumu huo ndio kiini cha historia hii. Tuchukue watu 10,000 ambao kati yao ni mmoja tu mwenye malale, na kipimo kinachokosea kwa watu 2 kati ya kila 100 wasio na ugonjwa. Kipimo hicho, ambacho katika kijiji chenye wagonjwa wengi kingesifiwa, hapa kitawataja watu 200 wasio na ugonjwa kuwa wagonjwa ili kumpata yule mmoja. Kadiri ugonjwa unavyokuwa nadra, ndivyo ushahidi wa alama moja unavyopungua thamani, kama vile hakimu asivyoweza kuhukumu kwa neno la shahidi mmoja aliyezoea kukosea. Lakini zikitumiwa alama mbili ambazo makosa yake hayategemeani, na ikatakiwa zote mbili zikubaliane, wasio na ugonjwa watakaotajwa kwa makosa watashuka kutoka 200 hadi 4. Hesabu hii nyepesi, zaidi ya mvuto wa teknolojia, ndiyo iliyowasukuma watafiti kutafuta protini nyingi badala ya moja.

Wagonjwa wa Kongo walikuwa katikati ya utafutaji huo. Mwaka 2009 watafiti waliohusisha Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha uchunguzi wa ugiligili wa uti wa mgongo wa wagonjwa 100 wa malale kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakitumia vishanga vidogo vilivyopakwa kingamwili tofauti ili kupima protini nyingi kwa mara moja. Baadhi ya protini hizo ni sitokini, yaani wajumbe ambao chembe za mwili hutumiana zinapopambana na maambukizi. Kati ya zote zilizopimwa, tatu zikiunganishwa, CXCL10, CXCL8 na H-FABP, zilitofautisha hatua za ugonjwa vizuri kuliko yoyote kati yao peke yake. Sindano ya mgongo ilikuwa bado ipo, lakini wazo la kuwapa mashahidi wengi nafasi ya kusema pamoja lilikuwa limekwisha kuthibitika kwa wagonjwa wa Kongo wenyewe.

Mate yapata wasomaji, 1989–2013

Safu ya vitambuzi ilikuwa imeanza kufikiriwa zamani kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko London, Roger Ekins alieleza kwamba doa dogo sana la kingamwili, likiwa na mitego michache, linaweza kupima kiasi cha protini bila kukipunguza ndani ya sampuli, na kwamba madoa mengi ya namna hiyo yanaweza kuwekwa pamoja yakasomwa kwa tone moja. Mwaka 2000 Gavin MacBeath na Stuart Schreiber wa Harvard walionyesha namna ya kuchapa protini kwa maelfu juu ya kioo. Kilichobaki kilikuwa kuchagua majimaji.

Watafiti wa malale waliyajaribu mate mapema. Mwaka 2003 Veerle Lejon na wenzake wa Antwerp na Kongo walitangaza kwamba kingamwili dhidi ya tripanosoma hupatikana kwenye mate ya wagonjwa, lakini kwa kiwango kilicho chini ya kile cha damu kwa mara mamia. Sababu ni ya kimaumbile: protini nyingi za damu hufika kinywani kwa kupenya taratibu kupitia tezi za mate na ufizi, na zikifika hukutana na utelezi unaonata na vimeng'enya vinavyozikatakata. Kipimo cha UKIMWI kwa majimaji ya kinywa, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2004 na ambacho WHO ilikipendekeza mwaka 2016 miongoni mwa vipimo vya mtu kujipima mwenyewe, kilifaulu kwa sababu kinatafuta kingamwili zilizotengenezwa kwa wingi, tena dhidi ya kirusi kimoja. Kusoma sitokini, zilizo chache zaidi, kulihitaji chombo kingine.

Chombo hicho kilitoka katika maabara ya David Walt wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston. Kikundi chake kilichukua fungu la nyuzi za kioo zipatazo 50,000, kila uzi ukiwa na upana wa mikromita 3.1, wakalichovya ncha yake kwenye asidi ili kila uzi uwe na kishimo kidogo, na katika vishimo hivyo wakatia vishanga vyenye kingamwili, kila aina ikiwa na msimbo wake wa rangi. Mate yakipitishwa juu yake, kila protini hunaswa na kishanga chake, kisha kingamwili ya pili yenye mng'ao huja kuishika protini ileile kwa upande wa pili, na mwanga unaopita katika uzi husimulia kishanga gani kimepata nini na kwa kiasi gani. Mwaka 2009, mwaka uleule wa utafiti wa Geneva, walitangaza safu inayopima viashiria 10 vya uvimbe wa ndani ya mwili, na wakaitumia kwenye mate ya wagonjwa wa pumu na wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Mwaka 2013 kazi hiyo iliendelezwa kwa wagonjwa wengine wa mapafu. Wakati huo ilikuwa imekwisha kujulikana, kwa kazi iliyochapishwa mwaka 2008, kwamba mate yana protini 1,166 zilizotambuliwa, na watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, walikuwa wameonyesha tangu 2004 kwamba CXCL8, protini ileile iliyowasaidia watafiti wa malale, hupanda katika mate ya wagonjwa wa saratani ya kinywa na koo. Taarifa hiyo ya mwisho ni onyo pia, kwa sababu protini inayopanda katika maradhi mengi haiwezi kutaja ugonjwa wowote ikiwa peke yake.

Vumbi la Kolwezi, 2009–2018

Ukanda wa shaba ulikuwa na swali lake jingine. Wachimbaji wa mikono waliojaza mashimo yaliyoachwa na Gécamines, na baadaye kampuni kubwa zilizorudi kwa ajili ya kobalti ya betri, waliwaacha wakazi wa Kolwezi wakivuta vumbi lenye madini kila siku. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi kupita kiasi. Mwaka 2018 walirudi na habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo wakazi walichimba kobalti chini ya nyumba zao kuanzia 2014: watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi kuliko watoto wa mtaa wa kulinganishwa, na mkojo wao ulikuwa na dalili za kuharibika kwa DNA.

Kazi hiyo inastahili heshima kubwa, maana bila ya hiyo malalamiko ya wakazi yangebaki maneno matupu mbele ya kampuni. Lakini mkojo husema ni madini kiasi gani yamepita mwilini. Hausemi sana mapafu yameitikiaje. Mapafu yanayoanza kuvimba kwa vumbi hutoa wajumbe walewale ambao safu za Walt zilipangwa kuwasoma, na ndiyo maana mate yana nafasi ya pekee katika mji ambao mamia ya wachimbaji wanaweza kukusanywa asubuhi moja bila daktari wa kuchoma sindano. Ugumu nao haufichiki: ufizi uliooza, tumbaku, chakula cha asubuhi na mwili uliopungukiwa maji baada ya zamu shimoni vyote hubadilisha mate, kwa hiyo kila safu lazima ibebe pia vitambuzi vya kupima mate yenyewe, kama protini zisizobadilika kwa ugonjwa, ili matokeo yasawazishwe.

Kinywa katika dharura, kuanzia 2018

Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, ikiwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, iliupa upimaji wa kinywa heshima mpya. Kipimo cha ukanda kilichoidhinishwa Marekani mwezi Oktoba 2019 hutumia kingamwili kunasa protini ya kirusi iitwayo VP40, kwa damu ya aliye hai au kwa majimaji ya kinywa ya aliyefariki karibuni, jambo lenye uzito mkubwa kwa familia inayongoja ruhusa ya kuzika. Mwaka huohuo wa 2019 watafiti walitangaza kipimo cha mate kinachonasa protini ya kimelea cha malaria kwa watu wasio na dalili. Vyote viwili hutafuta alama moja. Hata hivyo viliondoa mashaka ya muda mrefu kwamba kinywa hakiwezi kuaminiwa nje ya maabara.

Kwa upande wa kupima mengi kwa pamoja, Kongo haikuanza na mate. Matone ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokusanywa nchi nzima katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014, yalipimwa katika maabara ya Kinshasa kwa chombo kinachosoma katika kishimo kimoja kingamwili dhidi ya surua, rubela, pepopunda na maradhi mengine ya watoto. Maabara hiyo ilithibitisha kwamba mafundi wa Kongo wanaendesha safu hizo bila kusafirisha sampuli Ulaya, lakini ilitegemea umeme usiokatika, jokofu na matengenezo ya mashine, vitu ambavyo umbali wa Dilolo na Kolwezi kutoka Kinshasa huvifanya kuwa adimu.

Dawa nazo zimegeuza mahitaji. Feksinidazoli, kidonge kilichokubaliwa mwaka 2018, kimewaepusha wagonjwa wengi na sindano ya mgongo, na asoziboroli, inayomezwa mara moja tu, ilitoa matokeo mazuri katika majaribio ya Kongo na Guinea yaliyochapishwa mwaka 2022. Ikiwa dawa si ya hatari, kumtibu kwa makosa mtu asiye mgonjwa hakumdhuru kama melasoproli ilivyomdhuru, na kwa mtu mmoja mmoja kipimo chenye mapungufu kidogo kinaweza kuvumiliwa. Lakini WHO inataka maambukizi ya malale ya gambiense, aina inayopatikana Kongo, yakatike kabisa ifikapo 2030, na kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo ni kazi nzito kuliko kuutibu: wilaya nzima lazima zipimwe mwaka hadi mwaka, watu wakiwa hawaoni mgonjwa hata mmoja na hivyo wakiwa na kila sababu ya kukataa sindano. Hapo ndipo safu ya mate, yenye antijeni kadhaa za tripanosoma ubavuni mwa vitambuzi vya malaria na vya uvimbe wa mapafu, inapokuwa na kazi ambayo kidole, sindano na kadi haviwezi kuifanya, kwa sharti kwamba kingamwili zake zikaushwe zisitegemee jokofu, na kwamba majibu yasomwe papo hapo na muuguzi wa zahanati na kumfikia aliyetoa mate kabla ya kumfikia mwajiri wake.

Reli ya Lobito ilijengwa upya upande wa Angola na wakandarasi wa Kichina kati ya 2006 na 2014, na tangu 2023 iko chini ya mkataba mpya unaolenga kupitisha shaba na kobalti ya Lualaba. Watu nao wanapita Dilolo kwa wingi tena, na waganga wa pande zote mbili za mpaka wanarejea swali ambalo Todd alilijibu kwa vizuizi vya njiani: nani anabeba nini, na ajulikane vipi bila kufungiwa njia.